Siku sita, Moshi hadi Engaresero, kupiga picha anga la usiku

Mwezi wa tatu mwaka 2025 mdogo wangu wa mwisho, anayesomea mambo ya uvuvi Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, alimtumia mama picha kwenye simu. Mlima wenye theluji, nyumba tatu zenye taa, na juu yake pazia la kijani limekunjamana kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Mama akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akaitazama hadi chai ikapoa. Kisha akanigeukia mimi, maana ndimi mpiga picha wa familia, akauliza: "Na kwetu je?"

Nikamjibu kwamba mianga hiyo ya kaskazini, wanayoiita aurora, kwetu haipo. Nikamweleza nilivyoelewa: Jua hurusha chembe zenye umeme, na dunia, kwa kuwa ni sumaku kubwa, huzivuta kuelekea kwenye ncha zake mbili, ya kaskazini na ya kusini. Huko zikigonga hewa ya juu, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, oksijeni inawaka kijani, na juu zaidi inawaka nyekundu. Tromsø iko nyuzi 69 kaskazini, chini ya mkanda wa mianga hiyo hasa. Sisi wa Moshi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Hata ile dhoruba ya jua ya Mei 10, 2024, kali kuliko zote tangu mwaka 2003, ambayo watu waliipiga picha mpaka Ladakh kule India, sisi ilitupita. Usiku ule nilipanda juu ya paa la studio na kamera yangu. Yalikuwepo mawingu ya masika tu.

Mama akasema, "Haya," akarudia chai yake. Hiyo "haya" nilikaa nayo miezi minne. Nina studio ndogo hapa Moshi: picha za pasipoti, kipaimara, harusi. Nimewapiga picha watu wa mji huu miaka kumi na moja, na sikuwahi kuelekeza lenzi juu usiku nikiwa na nia ya kuona kilichopo. Nikatazama kalenda ya mwezi. Julai 24 ungekuwa giza kabisa, na Julai ndiyo majira ambayo moyo wa Njia ya Maziwa, ule mkanda wa mwanga wa nyota, unapita juu yetu kabla ya saa sita usiku. Nikafunga studio siku sita, niende Engaresero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron.

Nimeandika haya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu na saa zilizohifadhiwa ndani ya picha zenyewe. Ndiyo maana saa za usiku nazitaja hadi dakika, na za mchana kwa kukadiria.

Jumatano, Julai 23. Moshi hadi Arusha

Kosta, shilingi 4,000, imejaa hadi mlangoni. Kuanzia Boma Ng'ombe hadi Usa River sikuona mlima wowote, si Kilimanjaro wala Meru. Wanaopanga safari kama hii walijue hili mapema: Juni na Julai ni miezi ya kiangazi, lakini Moshi na Arusha huwa baridi na wingu zito siku nzima, wakati mwingine wiki nzima. Ukitaka nyota miezi hiyo, shuka kwenye Bonde la Ufa, kwenye ukavu. Nilikuwa nalijua hilo. Ila nilikuwa nalala kwa shangazi Ngaramtoni, nikaona nijaribu bahati.

Arusha mjini nilikodi lenzi pana ya milimita 14, yenye uwazi mkubwa wa kuingiza mwanga (f/2.8), shilingi 25,000 kwa siku. Ni ghali, na ndiyo iliyomeza fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, lakini lenzi niliyozoea kupigia harusi isingebeba anga lote. Kabla ya kuichukua nilikaa nayo kibarazani nusu saa nikikagua kioo. Ikague mbele ya mwenyewe, na kila mkwaruzo uupige picha kwa simu akiwa anaona.

Shangazi alinipikia loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, akanipa na shuka la marehemu mjomba. "Utaliona umuhimu wake," akasema.

Saa nne usiku nikatoka hadi ukingo wa shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Picha ya kwanza ni ya saa 4:12. Ukiitazama leo unaona wingu tu, rangi ya chungwa, kama dari la chumba chenye moto wa kuni. Hizo ni taa za jiji zikirudishwa na mawingu. Nikiwa bado nahangaika, nikasikia, "Mama, unapima nini hapa?"

Walikuwa wanne, sungusungu, na tochi na marungu. Stendi ya miguu mitatu usiku, pembeni ya shamba la watu, maana yake kwao ni moja tu: mpima ardhi. Na mahali hapo watu wamegombea mipaka miaka mingi. Niliogopa, nikakiri mara moja kwamba sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikawaonyesha kioo cha kamera, nikamtaja shangazi. Mzee kati yao akaniomba nimwonyeshe picha ya nyota. Sikuwa nayo hata moja. "Basi ukiipata, mletee shangazi yako aje atuonyeshe," akasema, na wote wanne wakanisindikiza hadi getini.

Kwa hiyo: kabla hujasimamisha stendi mahali popote penye watu, mwone mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mchana, umweleze, uchukue namba yake. Na ukipita karibu na kambi ya jeshi, kamera ibaki ndani ya begi.

Alhamisi, Julai 24. Arusha hadi Mto wa Mbu

Asubuhi mtori na chapati, kisha soko la Kilombero: karanga, mkate, chumvi, betri za tochi. Duka la vifaa vya shule waliniuzia karatasi ya nailoni nyekundu, 500, nikaifunga kwenye tochi ya kichwani. Mwanga mwekundu hauyachoshi macho. Ukiwasha tochi nyeupe mara moja tu, unangoja dakika ishirini na zaidi kabla macho hayajazoea giza tena.

Basi hadi Mto wa Mbu 7,000. Baada ya Makuyuni mawingu yakaanza kupasuka, na nilipoona kivuli changu mwenyewe pale stendi nilifurahi kama mtoto. Chumba 20,000, chandarua kizima, maji ya ndoo. Nilinunua ndizi nyekundu, zile za pale pale, nikala nne nimesimama.

Usiku huo nilifanya mazoezi uani. Jambo lililonisumbua, na litakalomsumbua kila anayeanza, ni fokasi. Kamera gizani haioni kitu cha kushika, inahangaika mbele na nyuma. Izime fokasi ya kujiendesha. Tafuta nyota angavu au taa ya mbali sana, ikuze kwenye kioo cha kamera mara kumi, zungusha polepole mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bana lenzi kwa selotepu isisogee. Selotepu ya shilingi 1,000 ndiyo iliyookoa safari yangu.

Mdogo wangu alikuwa ameniandikia mahesabu kwenye WhatsApp. Kwa nyota, gawa 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde unazoweza kuacha kamera wazi kabla nyota hazijawa mistari. Kamera yangu ina kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kwa hiyo 14 inahesabika kama 21, jibu ni karibu sekunde 24. Lakini kwetu, karibu na ikweta, nyota nyingi zinapita katikati ya anga, na zile za katikati ndizo zinazokwenda mbio kuliko zote. Baada ya majaribio nikashuka hadi 15. Yeye kwa mianga ya kijani anatumia sekunde tano, na ikicheza sana mbili tu, maana pazia likisogea wakati kamera iko wazi mikunjo inafutika.

Ijumaa, Julai 25. Mto wa Mbu hadi Engaresero

Landcruiser ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Iliondoka saa tano. Nauli 20,000, mimi na abiria wengine wanane, magunia ya unga, na kreti za soda zilizolia njia nzima. Lami tuliiacha Mto wa Mbu. Baada ya hapo ni vumbi, mawe na makorongo makavu. Njiani kuna vizuizi vya ushuru. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, lakini uwe na kitambulisho cha taifa mkononi, na kila risiti uitunze, maana kizuizi kinachofuata wanaweza kuiomba.

Tulipita Engaruka, penye mabaki ya mashamba ya kale, matuta ya mawe na mifereji ya watu waliomwagilia maji bonde hili karne nyingi kabla yetu. Nilitaka kushuka nitazame. Dereva akasema tutachelewa. Kilomita chache mbele tairi la nyuma likapata pancha, na la akiba lilipotolewa nalo lilikuwa halina upepo.

Tulikaa hapo saa tatu. Jua kali, kivuli kimoja cha mgunga kwa watu tisa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na boma, na mama mmoja wa makamo akatoka, akatutazama, akarudi ndani. Tulifikiri ndiyo basi. Baadaye akaja na binti yake wamebeba birika na vikombe vitano, chai ya maziwa yenye moshi ule wa kibuyu. Tukanywa kwa zamu. Nilipotaka kumpa elfu tano binti akacheka kwa aibu, akasema, "Yeyo anasema chai ya mgeni haina bei." Yeyo ni mama kwa Kimaasai.

Nikamwomba nimpige picha. Akaenda kuvaa shanga zake zote, akaita watoto, akaita na mama mkwe. Nikawapiga mmoja mmoja na wote pamoja, kwa lenzi yangu ya kawaida, mwanga wa saa tisa ukiwa umeanza kulainika. Zimeshachapwa, nakala sita, na dereva aliniapia kwamba amezifikisha.

Saa kumi na mbili jioni Ol Doinyo Lengai ikatokea mbele, peke yake, imesimama kama pia iliyopinduliwa. Kwa Kimaasai jina lake ni Mlima wa Mungu. Ni volkano hai, ililipuka kwa nguvu mwaka 2007, na lava yake haina mfano duniani: inatoka nyeusi, haina joto kali kama lava nyingine, na ikipoa inageuka nyeupe. Nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tangu utoto. Nilipoiona kwa macho nilinyamaza.

Kiwanja cha kupiga hema kilikuwa 15,000 kwa usiku. Kwenye ofisi ya kijiji nilisaini kitabu, nikalipia kiongozi wa usiku, 30,000. Walinipa morani mrefu, mtaratibu, ambaye kwanza aliuliza kama nimekula.

Saa mbili usiku nilikuwa tayari. Hapa nitajaribu kusema nilichokiona, ingawa nimeshajaribu mara tatu na kufuta. Hakukuwa na mawingu. Msalaba wa Kusini ulikuwa umeinama kulia mwa mlima. Kutoka hapo Njia ya Maziwa ilipanda, ikapita kwenye kundi la nyota la Nge, ikafika utosini, ikashuka upande wa pili hadi nyuma ya miamba ya bonde. Nimekulia Kibosho, nimewahi kuona nyota nyingi umeme ukikatika. Hizi zilikuwa na kina. Nyingine ziko karibu, nyingine nyuma yake, na nyuma ya hizo kuna vumbi jeusi limekaa kama masizi, na nyuma ya masizi mwanga tena. Nilikaa chini. Morani akadhani nimeumwa.

Upepo ulianza saa tatu. Wanaokuja Natron waujue upepo huu: ni wa moto, unashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde na vumbi lake, na unatikisa stendi mpaka kila nyota inakuwa mkia. Nilining'iniza begi la mawe chini ya stendi, bado. Nikafungua lile shuka la shangazi nilizungushe, likanipeperuka mkononi. Yule kijana akalidaka, akavua na lake, akayashika yote mawili kwa mikono iliyotanuka, akasimama upande wa upepo kama ukuta. Alisimama hivyo sekunde kumi na tano, kisha nyingine kumi na tano, kisha nyingine. Kwenye daftari nimeandika: picha 64, saa 3:20 hadi saa 4:05. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Dada, ng'ombe wakizaa usiku tunasimama zaidi ya hivi."

Kabla ya kulala nilipitia picha. Zile za kusini zilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimepiga pia chache kuelekea kaskazini, juu ya ziwa, ambako hakuna mji wala taa, na hizo zilikuwa na kasoro. Chini, karibu na upeo wa macho, kulikuwa na utando wa kijani. Nikafikiri nimekosea mpangilio wa rangi. Nikabadilisha, nikapiga tena: kijani. Nikafikiri ni kioo cha lenzi ya kukodi. Nikalala na hasira.

Jumamosi, Julai 26. Engaresero

Mchana hapa si wa kazi. Ziwa liko chini, kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na joto linakaa ndani ya bonde kama kwenye chungu. Asubuhi na mapema morani alinipeleka kwenye nyayo za watu wa kale zilizogandamana kwenye majivu ya volkano, zaidi ya 400, nyingine za watu waliokuwa wakitembea pamoja. Mguu wangu ungeingia kwenye mmoja wao bila kubaki nafasi. Kisha maporomoko ya mto, nikaoga, nikafua, nikalala kivulini.

Mtandao ulipatikana kwenye kichuguu kimoja nyuma ya duka. Nikapiga kioo cha kamera kwa simu, nikamtumia mdogo wangu ule utando wa kijani nikiwa na malalamiko mengi kuhusu lenzi. Alijibu saa nane mchana: "Dada, hiyo si kasoro. Hata sisi huku tunaipata usiku ambao mianga haipo. Hewa yenyewe inawaka."

Nikakaa kwenye kichuguu kile mpaka chaji ikaisha, nikisoma.

Ni hivi. Mchana jua linavunja molekuli za oksijeni zilizo juu sana. Usiku, jua likishaondoka, atomi zile zinarudiana, na katika kurudiana zinatoa nguvu zilizoachwa ndani yake kama mwanga. Unatoka kwenye tabaka lililo karibu kilomita 95 juu yetu, dunia nzima, kila usiku, hata Moshi, hata juu ya shamba lile la Ngaramtoni nyuma ya mawingu. Unaitwa mng'ao wa anga. Rangi yake ni kijani cha nanomita 557.7, na hiyo ndiyo rangi ileile, kwa namba ileile, ya pazia la Tromsø, kwa kuwa atomi ni ileile. Kule inapigwa na chembe za jua zilizoletwa na sumaku ya dunia. Huku inatoa taratibu kile ilichokiweka mchana. Ni hafifu sana, na macho ya binadamu gizani hayatofautishi rangi, ndiyo maana hatuioni. Kamera inakusanya sekunde kumi na tano na inaiona. Inaonekana zaidi chini, karibu na upeo, kwa sababu pale tunalitazama tabaka kwa ubavu, unene wake wote. Na miaka ya 2024 na 2025 jua lilikuwa katika kilele cha shughuli zake, hivyo mng'ao ulikuwa na nguvu zaidi.

Nilimpa mama jibu la haraka mwezi wa tatu. Pazia halipo kwetu, hilo ni kweli. Rangi ipo.

Usiku huo nilienda na nia. Mwezi mchanga ulizama mapema, kama saa mbili na dakika. Tulishuka na morani hadi karibu na ziwa, mahali anapopajua, kwa kuwa ukingo wa Natron unadanganya: juu ganda jeupe la magadi, chini yake tope linalomeza mguu hadi gotini. Usiende bila mwenyeji, hata mchana. Na vumbi la magadi lisifutwe kwenye kioo kwa kitambaa. Litoe kwanza kwa brashi laini au pampu, la sivyo linakwaruza.

Upepo ulituhurumia. Kuanzia saa 2:40 nilielekeza kamera kaskazini, f/2.8, sekunde 15, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, picha 120 mfululizo. Nikizipitisha haraka kwenye kompyuta sasa, kijani kinasogea. Kina mawimbi, mistari mipana kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka, ikipita polepole kiasi cha ngumi moja na nusu juu ya ziwa. Sikuiona kwa macho hata mara moja. Niliiona ikijijenga kwenye kioo, picha baada ya picha, na kila moja nilimwonyesha yule kijana. Alitazama kioo, akatazama kaskazini, akatazama kioo. "Na iko hapo sasa hivi?" Iko hapo sasa hivi.

Saa sita nikageukia kusini. Nikavua ile lenzi pana nikaweka yangu ya milimita 35, na nilikuwa nimechagua mahali kwa dira ili mlima uwe kusini hasa. Tromsø, nyota ya kaskazini iko juu sana, na anga linazunguka kama kofia juu ya kichwa cha mtu. Kwetu nyota ile iko chini ya upeo, haionekani kabisa, na mhimili wa kusini, kitovu ambacho nyota hukizunguka, uko nyuzi mbili tatu tu juu ya ardhi. Ukisimama pale nilipokuwa, mhimili huo uko nyuma ya Lengai. Niliiacha kamera ikipiga saa nzima. Nilipounganisha picha nyumbani, kila nyota ilikuwa imechora upinde juu ya mlima, mmoja ndani ya mwingine, kana kwamba Lengai ndiyo ekseli ya mbingu.

Kwenye picha hiyo kuna kitu ambacho sikukipanga. Wapandaji wa Lengai huanza kutembea usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri. Taa zao za kichwani zimeandika mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni mwa mlima. Walikuwa watu watano au sita, siwajui, wakihema gizani.

Saa tisa Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimechomoza mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Shuleni tulikariri kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilizama wakati wa masika, na sasa kiko hapa, vumbi tupu. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kututazama akiwa na fimbo yake akaniambia wazee wao nao huzitazama nyota hizohizo wakisubiri mvua. Tulikaa watatu na chai ya chupa mpaka Zuhura ikapanda, kwenye saa kumi na kitu, inang'aa kiasi cha kuweka mstari wake juu ya maji.

Jumapili, Julai 27, na Jumatatu, Julai 28

Jumapili nilisubiri gari kutwa nzima. Lilikuja saa kumi, nikalala Mto wa Mbu, na Jumatatu nikarudi Arusha na Moshi bila jambo la kueleza, isipokuwa kwamba nilishuka Ngaramtoni kumwachia shangazi picha moja ya Njia ya Maziwa kwa ajili ya wale sungusungu. Safari nzima ilinigharimu kama laki tatu na themanini elfu, na siku za lenzi peke yake zilikuwa 125,000. Mkiwa wawili au watatu mkagawana lenzi na kiongozi inashuka sana.

Agosti, studio

Nilichapa mbili kubwa. Niliziegesha ukutani kwa mama, kando ya ile ya Tromsø ambayo nilikuwa nimeshaichapa kabla. Akavaa miwani. Akaanza na ya mlima, akauliza ule mstari wa dhahabu ni nini, nikamwambia ni watu, akasema "maskini, usiku huo." Kisha akaja kwenye ya ziwa. Akaweka kidole kwenye kijani cha Natron, akakihamisha hadi kijani cha Norwei, akakirudisha.

"Ni hiki hiki."

"Ni hiki hiki, mama. Kinachokiwasha ndicho tofauti."

Akampigia mdogo wangu mwenyewe. Huko kwake usiku ulikuwa bado haujarudi vizuri. Majira haya saa sita usiku unaweza kusoma gazeti nje, na mianga hata ikiwepo haionekani. Giza litakuwa limerudi mwezi wa tisa. Tumeshakubaliana Jumapili ya Septemba 21, mwezi ukiwa giza tena na usiku na mchana vikiwa karibu kulingana duniani kote, saa tano usiku kwangu na saa nne kwake, kila mtu apige anga lake kuelekea kaskazini. Mimi nitakuwa upande wa Longido, kwa kuwa lami inafika na mama hawezi ile barabara ya Engaruka. Anakuja. Amekwisha niuliza kama shuka moja linatosha, na nimpeleke kwanza akamshukuru shangazi kwa lile.